Kuhamisha Nota za Taarabu

Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ya Marekani ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale, programu ya kuandikia nota za muziki iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1988, na ambayo kwa muda wa zaidi ya miaka 35 ilikuwa ndiyo kalamu na karatasi ya watunzi, wachapishaji na walimu wa muziki katika pande nyingi za dunia. Wenye programu hiyo walielekezwa waihamie Dorico, ya kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, kwa bei iliyopunguzwa. Na wakashauriwa wazitoe kazi zao katika mafaili ya Finale na kuziweka katika namna ya maandishi iitwayo MusicXML, ambayo programu nyingine huweza kuisoma. Huko Ulaya na Marekani khabari hiyo ilizua maneno mengi na hata majonzi. Huku kwetu ilipita kimya kimya, ilhali wapo watu wetu wengi iliowahusu: watunzi wa kwaya wa Bara, ambao wameizoea Finale tangu zamani, na walimu na wanafunzi wa taarabu hapa Unguja, ambao katika miaka hii ya karibuni wamekuwa wakizitia nyimbo za wazee wetu katika kompyuta, wakidhani kwamba kilichoandikwa kimehifadhika.

Msomaji asiyeandika muziki atauliza tatizo liko wapi. Barua iliyoandikwa katika kompyuta moja hufunguliwa katika nyingine bila ya taabu, na picha iliyopigwa kwa simu ya kampuni hii hutazamwa katika simu ya kampuni ile. Kwa nini nota zisiwe hivyo? Jawabu ni kwamba ukurasa wa nota, mbali ya wingi wa alama zake, hubeba mambo mawili kwa wakati mmoja. Ni maagizo ya sauti, kwamba ipigwe hii kisha ile, kwa muda huu na kwa nguvu hii. Na ni mchoro, kwamba alama hii ikae hapa, upinde upite juu ya zile, na maneno yajipange chini ya mistari mitano bila ya kugongana. Kila programu ina mafundi wake, waliojichagulia wenyewe namna ya kuyaweka mambo hayo mawili, na aghalabu namna hiyo haikutangazwa kwa mtu wa nje. Faili la Finale huishia kwa herufi musx, na yale ya kale kwa mus; la Sibelius kwa sib; la MuseScore kwa mscz; la Dorico kwa jina la programu yenyewe. Mtunzi aliyeweka kazi ya umri wake katika mafaili ya namna hiyo ni kama mtu aliyezifungia hati za shamba lake katika kasha madhubuti ambalo ufunguo wake unakaa dukani kwa fundi: maadamu duka liko wazi hana wasiwasi, na siku likifungwa ndipo anapotambua kwamba alikuwa na kasha, hakuwa na hati.

Na maduka hayo hufungwa na kubadilisha wenyewe mara kwa mara. Sibelius, iliyobuniwa Uingereza na ndugu wawili pacha, Ben na Jonathan Finn, na kuanza kuuzwa mwaka 1993, ilinunuliwa na kampuni ya Avid mwaka 2006. Mwaka 2012 Avid ikaifunga afisi ya London, na wengi katika mafundi walioachishwa kazi wakachukuliwa na Steinberg, wakakaa chini ya uongozi wa Daniel Spreadbury na kuijenga Dorico, iliyotoka mwaka 2016. MuseScore ilianzwa na Mjerumani Werner Schweer mwaka 2002, nayo hupewa watu bure, jambo ambalo kwa kijana wa kisiwani ni hoja inayotangulia nyingine zote. Mtu aliyeanza kuandika nota akiwa na umri wa miaka 20 hana budi kutazamia kwamba kabla hajazeeka atakuwa amehama programu mara mbili au tatu, apende asipende.

Nina sababu ya kulitazama jambo hili kutoka Jambiani. Kijiji hiki kirefu cha pwani ya kusini mashariki ya Unguja, ambako maji yakitoka wanawake hushuka kwenye mashamba ya mwani, na ambako nyumba za wageni zimejipanga ufukoni, kina vijana wanaopiga fidla na ngoma usiku katika harusi za jamaa zao, na jioni katika mahoteli mbele ya watalii. Usiku wa harusi hawahitaji karatasi, kwani nyimbo za kidumbaki, ngoma ya harusini, wamezisikia tangu utotoni. Lakini mpigaji mmoja akiugua siku ya kazi ya hoteli, na badala yake akaletwa mwingine kutoka mjini kwa daladala, nota ndizo zinazomwezesha mgeni huyo kukaa na wenzake na kupiga bashraf, yaani kipande cha ala pasipo na maneno, ambacho hajawahi kukipiga. Hapo swali la faili gani linafunguka katika simu ya nani linaacha kuwa la mafundi wa kompyuta na kuwa la mkate wa mtu.

Taarabu yetu haikuzaliwa katika nota. Husimuliwa kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ala ya qanuni. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, chama kinachoishi hata leo. Na mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kwenda Bombay kuzitia nyimbo zao katika sahani za santuri. Katika muda wote huo elimu ilipita kutoka sikio hata sikio na kutoka kidole hata kidole, na fundi aliyekufa alikwenda na sehemu ya hazina. Uandishi wa nota ulikuwepo kwa wachache waliofuata njia ya Misri, lakini ulienea hasa baada ya mwaka 2002, kilipoanzishwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Majahazi, kijulikanacho kwa herufi DCMA, ambacho kwa miaka mingi kilikaa katika Jumba la Forodha la kale, mbele ya bahari ya Mji Mkongwe. Humo wanafunzi walifundishwa qanuni, udi, fidla, akordioni na ngoma, na walifundishwa pia kusoma na kuandika wanachokipiga. Wapo wazee wanaosema kwamba nota huua ladha ya taarabu. Mimi sikubaliani nao, ila nakubali kwamba nota mbovu huiua, na nota nzuri inaweza kuharibika njiani wakati wa kuhama, bila ya yeyote kutambua mpaka siku ya kupiga.

Njia ya kale zaidi ya kuhamisha muziki baina ya mashine ni MIDI, iliyotangazwa mwaka 1983 kwa juhudi za watu kama Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, na iliyokusudiwa kuwezesha kinanda cha kampuni moja kukiamrisha cha kampuni nyingine. MIDI haijui nota, inajua vidole. Hupeleka khabari kwamba kibao namba 60 kimebonyezwa sasa kwa nguvu kadha, na kwamba kimeachiwa baada ya muda kadha. Vibao vyake ni 128, tangu 0 hata 127, na C ya katikati ndiyo hiyo 60. D shapu na E flati, ambazo kwa mwandishi wa nota ni vitu viwili tafauti vyenye sababu zake, kwa MIDI ni kibao kimoja tu, namba 63. Mtu akizipitisha nota zake kwa njia hii kisha akazifungua katika programu nyingine, atasikia wimbo wake barabara, na atakapoutazama ataona shapu mahali pa flati, mapumziko mafupi mafupi yaliyozuka pasipo na sababu, na ukurasa uliopotewa na mpangilio wake wote. Zaidi ya hayo, E inayo namba 64 na E flati 63. Baina yao hakuna kitu. Na baina yao hapo ndipo inapokaa roho ya maqamu, yaani ngazi ya sauti, iitwayo rasti.

Hili nitalieleza kwa utulivu, kwa sababu ndilo linaloipambanua taarabu na nyimbo za kwaya katika safari hii. Rasti ikianzia C hupanda D, kisha E iliyoshushwa nusu ya flati, F, G, A, B nayo imeshushwa nusu ya flati, halafu C ya juu. Bayati, maqamu nyingine, ikianzia D huipitia E ile ile iliyoshushwa nusu. Katika Mkutano wa Muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932 wataalamu walishindana sana juu ya rai ya kuigawa okteva katika vipande 24 vilivyo sawa, na ingawa wapigaji mahiri hawakubali kwamba vidole vyao hufuata vipimo sawa kama rula, uandishi wa robo toni umetulia: flati ya kawaida hupigwa mkato mdogo katika shina lake, na kila msomaji wa muziki wa Kiarabu huelewa. Kinanda hakina sauti hiyo. Fidla inayo, udi unayo, qanuni inayo kwa vijiti vyake vya kupandisha na kushusha nyuzi. Programu nyingi, zilizotungwa na watu wenye kinanda akilini, huijua kwa shida au huhitaji kufundishwa.

MusicXML ilikuja kuponya maradhi haya, na kwa sehemu kubwa imeyaponya. Ilibuniwa na Michael Good wa Marekani katika kampuni yake ya Recordare, akijenga juu ya kazi mbili za wanachuoni waliotangulia: MuseData ya Walter Hewlett na Humdrum ya David Huron. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2004. Kabla yake, mwaka 1995, palikuwa na jaribio jingine liitwalo NIFF, ambalo halikupata wafuasi wa kutosha na likafifia. Tafauti ya MusicXML ni kwamba ni maandishi ya kawaida yasomekayo na mtu. Ukilifungua faili lake kwa programu yoyote ya kuandikia barua, hutaona nota. Utaona mistari mingi ya maneno inayozitaja moja moja: nota hii hatua yake ni C, okteva yake ni ya 4, muda wake ni kadha, umbo lake ni robo, shina lake linaelekea juu. Kushuka na kupanda kwa sauti hutiwa kwa tarakimu: flati ni -1, shapu ni 1, na nusu ya flati ile ya rasti, ambayo vibao vya MIDI havikuwa na pahala pa kuiweka, ni -0.5 tu, imeandikwa wazi pamoja na jina la alama inayopaswa kuchorwa mbele ya nota. Hata ufunguo wa maqamu, ambao mwanzoni mwa mstari huonesha B na E zote zimeshushwa nusu, una namna yake ya kuandikwa. Mwaka 2007 likaja toleo la 2.0 lililowezesha faili kubanwa likawa dogo. Mwaka 2011 Recordare ikanunuliwa na MakeMusic yenyewe. Na mwaka 2015 usimamizi wa MusicXML ukatolewa katika mikono ya kampuni hiyo na kuwekwa amana kwa jumuiya ya W3C, inayosimamia kaida za wavuti. Lau usingetolewa, kifo cha Finale kingetutia hofu zaidi. Toleo la 4.0 lilitoka mwaka 2021.

Basi maandishi yapo, na robo toni ina pahala pake. Kinachobaki ni kama aliyeandika mwanzo aliiandika robo toni kweli, au aliichora tu.

Kijana mmoja mpiga fidla wa Jambiani alinionesha bashraf katika rasti aliyokuwa ameletewa na mwalimu wake wa zamani. Mwalimu aliiandika kwa Finale miaka mingi nyuma katika kompyuta ambayo bado inawaka, akaitoa kwa MusicXML, na kijana akaifungua kwa MuseScore katika kompyuta ya kuazima. Kwa mtazamo wa kwanza ilikuwa salama: vipimo vyote vimo, marudio yamo, upinde uko juu ya nota zake. Alipoipiga kwa fidla huku akitazama kioo cha kompyuta, ikasikika ngeni, kama rasti iliyovaa koti. Katika sehemu zote za rasti, kila E ilikuwa E kamili, na kila B ilikuwa B kamili. Sababu ilidhihirika tulipoitazama nakala ya PDF iliyofuatana na faili: mwalimu, kama walivyofanya wengi wakati ule, hakuitumia alama ya robo toni kama alama ya sauti, alichukua kijimchoro cha flati yenye mkato na kukibandika mbele ya nota kwa mkono, kama pambo. Macho ya msomaji wa karatasi yaliridhika. Lakini ndani ya faili nota ilibaki E, na ilipofika zamu ya kuhama, sauti ilipita na pambo likaachwa.

Matengenezo hayakuwa magumu, ila yalitaka mtu anayejua maqamu, wala si anayejua kompyuta peke yake. MuseScore inaweza kuombwa ichague nota zote zenye jina moja, kisha alama ya nusu flati ikapachikwa juu ya zote kwa pigo moja. Alama hizo zimo katika hazina yake. Kijana alifanya hivyo kwa B, akafanya kwa E, na alipofika mahali bashraf inapogeuka na kuingia maqamu ya nahawandi akasimama, kwani hapo E ni flati kamili. Flati hizo mwalimu alikuwa ameziandika kwa njia ya halali, nazo zilikuwa zimevuka zote bila ya hitilafu. Ilimbidi azirejeshe kama zilivyokuja. Mtu asiyeijua nahawandi angezipaka zote rangi moja, na bashraf ingehifadhiwa milele katika sura ambayo hakuna aliyeitunga.

Maneno ya wimbo yana misukosuko yake, na hapa mshairi wa Kiswahili amejaaliwa kipimo cha kuyakagua. Katika programu zote maneno hukatwa silabi kwa silabi, na kila silabi huning'inizwa chini ya nota yake, ikielezwa kama ni mwanzo wa neno, kati yake, au mwisho. Programu nyingine hutoa msaada wa kukata maneno zenyewe, lakini kwa kaida za lugha za Ulaya, nazo hazijui kwamba mtu ni m na tu, kwamba nchi ni n na chi, na kwamba herufi hizo ndogo mbele zina haki ya nota yao. Kitone cha ng'ombe nacho kimewahi kuwatesa watu: katika mafaili ya kale yaliyoandikwa kwa herufi za kubuniwa, kinaweza kugeuka alama nyingine kabisa kikivuka. Lakini wimbo wa taarabu aghalabu huenda kwa mizani 16 katika mstari, 8 na 8. Basi baada ya kuhamisha, mwenye wimbo na ahesabu mizani kwa kidole kama afanyavyo mshairi: mstari ukitoka na 15, ipo silabi iliyomezwa, ukitoka na 17, ipo iliyokatwa mara mbili, au irabu mbili zilizoimbwa kwa pumzi moja juu ya nota moja zimetenganishwa, jambo ambalo MusicXML ina alama ya kulizuia iwapo mwandishi wa kwanza aliitumia. Hesabu hii huchukua dakika chache, nayo hugundua makosa ambayo jicho huyapita.

Ngoma ndizo zinazoumia zaidi. Mwaka 1991 wenye viwanda walikubaliana juu ya orodha ya sauti za MIDI, ili namba moja ilete ala moja katika mashine zote, na orodha hiyo bado imo ndani ya programu nyingi. Ala 128 zimo: koto ya Wajapani imo, sitari ya Wahindi imo, hata kalimba ya Waafrika imo, namba 109. Qanuni haimo, na udi haumo. Katika orodha ya ngoma, bongo zimo na tari imo, ambayo rika, tari ndogo ya taarabu, inaweza kuikopa, lakini dumbaki, ngoma ya taarabu, haimo. Kundi la kidumbaki, lenye vigoma vyake viwili, sanduku la uzi mmoja linaloshika sauti ya chini, cherewa za vifuu na mikwasa, lingeweza kukopa maraka kwa ajili ya cherewa na vijiti vya Kilatini kwa ajili ya mikwasa, na vigoma vyenyewe vikabaki watoto wa kambo. Kwa hiyo kila mwandishi hujitungia: huyu huweka pigo la dum katika mstari wa chini na tak katika wa juu, yule huzigeuza, mwingine hutumia umbo la msalaba. Programu inayopokea haijui siri hiyo, na matokeo yake ni kwamba mirindimo iliyotoka kwa dumbaki hufika kwa ngoma ya bendi, au, vibaya zaidi, hufika kwa kinanda, kikapiga nota mbili zile zile mwanzo hata mwisho. Toleo la 3.0 la MusicXML, la mwaka 2011, lilileta orodha ndefu zaidi ya sauti za ala za mataifa, lakini orodha haina faida ikiwa programu haina sauti yenyewe ya kuitoa. Dawa iliyopo ni ya kizamani: kuandika kwa maneno, katika ukurasa wa kwanza, mstari gani ni pigo gani. Maelezo hayo hupita salama katika kila programu.

Mambo mengine ya mchoro, kama nafasi baina ya mistari, mahali pa kukatia ukurasa na ukubwa wa herufi, hayana haja ya kuliliwa. Yatavurugika, na yatatengenezwa upya kwa nusu saa.

Lipo kosa moja lililoenea Bara na visiwani sawasawa, nalo ni kudhani kwamba PDF inatosha. Katika hazina ya nota iitwayo Swahili Music Notes, watunzi wa nyimbo za Kanisa Katoliki wameweka kazi zao kwa wingi, aghalabu kwa sura ya PDF, na ni sadaka kubwa kwa wanakwaya wa vijijini. Lakini PDF ni picha ya ukurasa. Mwenye kwaya anayetaka kushusha wimbo toni moja kwa sababu wanawake wake hawafiki juu hawezi kuishusha picha. Itambidi aiandike upya, au aipitishe katika programu za kusomea nota zilizochapwa, kama Audiveris ambayo ni ya bure, zinazojaribu kuibadili picha kuwa MusicXML. Programu hizo huweza kufanya vizuri kwa ukurasa safi uliochapwa, na hubabaika mbele ya mwandiko wa mkono. Wala sisemi kwamba PDF itupwe. Ni shahidi: ndiyo iliyotuonesha, siku ile ya bashraf, kile alichokusudia mwalimu. Shahidi na mali ni vitu viwili, na vyote viwili vinatakiwa.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na mtu haruhusiwi kubomoa ukuta wake bila ya idhini. Nyimbo zilizoimbwa ndani ya kuta hizo hazina ulinzi wa namna hiyo. Zimo katika kompyuta za watu binafsi, katika simu zinazoanguka majini, na katika vifaa vya kuhifadhia ambavyo kutu ya chumvi ya pwani haiviachi. Vyama vyetu vya taarabu na skuli zetu za muziki vingefanya jambo la maana kama vingekusanya nota zote zilizokwisha kuandikwa, kila wimbo kwa sura tatu, yaani faili la asili, MusicXML na PDF, na kuweka nakala katika Nyaraka za Kilimani, ambako karatasi za masultani zimehifadhiwa kwa uangalifu na ambako sioni sababu ya bashraf kukosa rafu.

Lakini kabla ya hayo ipo kazi ya mtu mmoja mmoja, nayo haingoji kikao. Finale iliyomo katika kompyuta za watu bado inafunguka leo, na itaendelea kufunguka maadamu kompyuta hizo zinawaka na mfumo wake haujabadilishwa. Kompyuta mpya zijazo hazina ahadi hiyo. Ewe mwalimu, mtunzi au mpigaji uliye na nyimbo ndani yake, zifungue ungali una uwezo, uzitoe kwa MusicXML moja moja, uzifungue katika programu nyingine, na uketi na ala yako mkononi uzipige tangu kipimo cha kwanza hata cha mwisho kabla hujalifuta faili lolote la zamani.